Madume Tupu

Mwaka wa tatu wa balaa lile, Mkunga alivuta wavu wake wa kokoro katika bwawa lake la mwisho, akawageuza samaki mia na ishirini tumbo juu, mmoja baada ya mwingine, na majike aliowapata walikuwa watatu. Akaitazama ndoo ya majike. Akaitazama ya madume, iliyofurika mpaka samaki wanaruka nje na kupigapiga mikia matopeni. Kisha akaipiga teke ile ya majike, halafu akaanza kuwakimbilia wale watatu kwenye nyasi, maana hakuwa na wengine.

Mkunga halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alibandikwa jina hilo kwa sababu ya kazi, kwa kuwa alizalisha samaki. Alikuwa na mabwawa manne ya perege nyuma ya nyumba, aliyoyachimba yeye na mumewe kwa majembe, na kila aliyetaka vifaranga wa kwenda kufuga alimjia yeye. Wenye maneno yao walisema jina linamfaa kwa sababu nyingine, kwamba mkunga vilevile ni yule samaki mrefu kama nyoka, anayekaa kwenye mawe na kukung'ata kabla hujamwona. Mwenyewe alipoyasikia alicheka, akasema, "Basi waangalie wanapotia vidole."

Kazi aliijua. Angemshika perege mzima, akampaka tone la wino wa bluu chini ya tumbo, karibu na pezi la nyuma, akaangalia. Dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Kabla hujameza mate alikwishamtupa samaki kwenye ndoo yake. Na kwa mzalishaji, jike ndiye kila kitu. Jike ndiye anayetaga, akayakusanya mayai mdomoni, akakaa nayo siku nenda siku rudi bila kula, mpaka watoto watoke wenyewe kinywani mwake kama moshi mwembamba. Mkunga alikuwa na majike wazee wachache waliobaki, na kila mwaka walizidi kupungua. Waliendelea kuzaa, hilo hawakushindwa. Ila watoto wao wote walikua madume, na hapakuwa na wa kushika nafasi za mama zao.

Alibadilisha chakula. Akanunua wazazi wengine kutoka mbali, wakaja ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa. Akakausha bwawa, akalimwagia chokaa, akalijaza upya. Hakuna kilichosaidia.

"Labda maji," alisema mumewe, ambaye alikuwa fundi cherehani na alifanyia kazi barazani. Hakuinua hata macho kwenye suruali aliyokuwa akiipunguza.

"Maji yana nini? Hayanuki, hayana rangi, samaki hawafi."

"Mimi sijui samaki. Najua kuhesabu tu. Chakula umebadilisha, wazazi umebadilisha, bwawa umelipaka chokaa kama ukuta. Sasa kimebaki nini?"

Mkunga alisimama pale na kokoro begani, maji yakimchuruzika mgongoni. Lililomuudhi si kwamba mumewe alikuwa anafanya mzaha. Lililomuudhi ni kwamba alikuwa anasema kweli, tena bila kujikaza.

Maji ya mabwawa yake yalitoka kwenye mfereji, na mfereji, kabla ya kufika kwake, ulipita kwenye kituo cha kutotolesha vifaranga. Mwenye kituo watu walimwita Bwana Madume, kwa sababu ya kibao alichokisimamisha langoni, VIFARANGA MADUME TUPU, HAKUNA JIKE. Wafugaji wa samaki wa kuliwa walimpenda, maana dume hukua haraka na hapotezi nguvu kwenye kutaga. Kwamba pale wanatumia dawa haikuwa siri. Kifaranga anapoanguliwa bado hajawa dume wala jike, na akilishwa dawa ile ya homoni majuma manne ya mwanzo, anageuka dume apende asipende. Mkunga aliyajua yote hayo. Lakini aliambiwa, na akaamini, kwamba maji yanayobaki kwenye matangi ya vifaranga hupitishwa kwanza kwenye tangi kubwa la mkaa, na kwamba mkaa huo huishika dawa yote. Aliyemwambia alikuwa Njiti, mdogo wake, aliyeachiana naye ziwa. Njiti alifanya kazi pale.

Hakubadilisha hata kanga. Akaenda kituoni vile vile.

Alimkuta Njiti kwenye chumba cha kuchanganyia, amevaa glavu ndefu na kitambaa puani, ananyunyizia chakula cha vifaranga kitu kilichonuka spiriti. Mwili wake mwembamba ulikuwa umepotea ndani ya aproni.

"Dada! Mbona asubuhi asubuhi? Nyumbani kwema?"

"Kwema. Nionyeshe mkaa wenu."

"Mkaa?"

"Tangi la mkaa. Ulilonisimulia."

Njiti alivua glavu moja, akaivaa tena. Akasema bosi hapendi wageni wazunguke. Akasema ni saa ya kumwaga maji na ana kazi nyingi. Mkunga akapita mlango wa nyuma.

Tangi lilikuwepo, la bati nene, refu kumzidi mtu, limepakwa rangi ya kijani. Bomba lilitoka kwenye matangi ya vifaranga na kuingia juu yake, na jingine lilitoka chini na kuelekea mferejini. Mkunga aliweka kiganja kwenye bomba la chini. Lilikuwa kavu, limepigwa jua, na mdomoni mwake buibui alikuwa amefuma. Lakini sauti ya maji aliisikia. Aliifuata kwa masikio mpaka kwenye majani, akayafunua kwa mguu. Palikuwa na bomba la tatu, jembamba, limelazwa chini, lenye koki ya shaba. Maji yaliyokuwa yakilala na dawa usiku kucha yalikuwa yanakwenda mferejini moja kwa moja, yakilipita lile tangi la kijani pembeni kama mtu anayempita mdai wake.

"Tangu lini?" aliuliza.

Njiti alikuwa amesimama nyuma yake. "Ule mkaa wa kwanza uliziba, dada. Ulikuwa wa kubadilishwa kila baada ya miezi sita. Bosi akasema tusubiri."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Miaka mitatu na kitu."

"Na hiyo koki anaifungua nani?"

Njiti alitazama ukuta. "Mimi ni mfanyakazi tu, dada. Ninaambiwa, ninafanya."

Damu ilimpanda Mkunga mpaka akaona macho yanaingia kiza. Miaka mitatu amekuwa akiwalilia samaki wake kwa huyu huyu. Amekaa naye jikoni, akamhesabia majike waliobaki kwa vidole, naye akanywa chai yake, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema pole, dada. Kesho yake akaamka akaenda kufungua koki.

"Njiti," alisema, na sauti ilikuwa ndogo kuliko alivyotarajia. "Niondokee mbele yangu kabla sijakuzamisha humo."

Mwenye kituo alikuwa ofisini, mwanamume mnene mwepesi wa kucheka, shati limepigwa pasi mpaka lina makali. Alimvutia kiti. Mkunga hakukaa. Akamwambia alichokiona na kilichowapata samaki wake, moja baada ya jingine, akijizuia asipige meza. Bwana Madume alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaangua kicheko.

"Yaani bwawa lako linatoa madume tupu? Bila kununua dawa, bila kuajiri mtu? Mama, watu wanapanga foleni hapa wapate kitu hicho. Wewe unakipata bure! Ungekuja na zawadi, sio na hasira."

"Mimi nazalisha. Bila majike sina kazi."

"Basi badilisha kazi. Nunua vifaranga kwangu, ufuge, uuze. Mambo ya kuwakagua samaki sehemu za siri mwaka huu?" Akacheka tena. "Na hayo ya bomba, wakaguzi wanakuja kila mwaka. Waulize kama wamewahi kuona tatizo."

Mkunga aliondoka bila kuaga. Njiani alikuwa anaongea peke yake, na wanawake wawili waliokuwa wakichota maji mferejini waliacha ndoo zao wakamtazama. Mmoja wao alikuwa wifi yake, mke wa Njiti, mwenye mimba ya miezi mitatu.

"Wifi, kuna nini?"

Mkunga alimtazama usoni, kisha tumboni, kisha ile ndoo. Hakuwa amewaza hilo. Mpaka dakika ile alikuwa amewaza samaki tu, na alijichukia kwa hilo.

"Hayo maji usinywe," alisema. "Njoo uchote kwangu, kwenye pipa la mvua. Na mwenzio mwambie hivyo hivyo."

"Kwani yana nini?"

"Muulize mumeo."

Ofisa wa uvuvi wa eneo lile alikuwa mwanamke mfupi anayetembea kwa pikipiki, na watu wote walimwita Bibi Samaki. Alilisikiliza jambo lile kwa uso mzito, akaandika barua kwa wakubwa wake, wakubwa wakaleta mkaguzi baada ya wiki tatu. Lakini mkaguzi, kwa kufuata utaratibu, aliwapigia simu kituoni siku mbili kabla, ili akutane na mwenye mali. Alipofika akakuta koki imefungwa, majani yamefyekwa, maji yanapita kwenye tangi la kijani, na juu ya tangi mkaa mweusi unaonekana tele. Akaandika kila kitu kiko sawa. Akapewa soda.

Siku ile Mkunga alirusha kikombe ukutani. Hakuwa mtu wa kurusha vyombo. Mumewe alifagia vipande.

"Maabara haiwezi kuyapima hayo maji?" aliuliza alipokuwa amemaliza kufagia. Bibi Samaki alikuwa ameketi pale barazani, kofia ya pikipiki mapajani.

"Maabara yetu inapima vijidudu na chumvi. Homoni huwa kidogo mno kwenye maji, kuiona inahitaji mashine ambayo sisi hatuna. Nimeomba. Hata kujibiwa sijajibiwa."

"Basi samaki ndio mashine," alisema Mkunga.

Wakamtazama.

"Tangu mwanzo wamekuwa wakipima, ni sisi tu tuliokuwa hatusomi. Bibi Samaki, ule mkaa wa kweli unaweza kuupata?"

Bibi Samaki aliupata. Alikuwa na mtu aliyesoma naye kwenye kiwanda cha maji ya chupa, akampa nusu gunia. Ulikuwa punje nyeusi ndogo kama mchele uliovunjika, mwepesi, unaacha vumbi linalong'aa vidoleni. Alieleza kwamba mkaa ule huchomwa, kisha hupigwa mvuke mkali ukiwa moto, mpaka kila punje inajaa vijitundu visivyoonekana kwa jicho. Dawa ikipita na maji, inanata kwenye kuta za vijitundu hivyo. Maji yanaendelea na safari, dawa inabaki.

"Mpaka lini?" Mkunga aliuliza.

"Mpaka nafasi iishe. Punje moja ina kuta nyingi, lakini zina mwisho. Zikijaa, basi, hata ukiwa na tangi kama nyumba, maji yanapita na dawa yake."

"Na mkaa wa kupikia?"

"Huo unanasa kidogo, si wa kutegemea. Labda uchomee mahindi."

Wakaweka mapipa matatu nyuma ya nyumba, chini ya paa la makuti. Jike mmoja mzee, miongoni mwa wale watatu wa kokoro la mwisho, alikuwa na watoto mdomoni. Mkunga alimshika kwa upole, akamfungua kinywa juu ya beseni, wakatiririka. Akawagawa makundi matatu, themanini kila pipa, Bibi Samaki akihesabu kwa sauti na kuandika. Pipa la kwanza lilipata maji ya mvua. La pili lilipata maji ya mfereji yaliyochotwa saa tatu asubuhi, wakati kituo kinamwaga. La tatu lilipata maji yale yale ya saa tatu, ila yalipitishwa kwanza taratibu kwenye ndoo iliyotobolewa chini na kujazwa punje za mkaa. Chakula kilikuwa kimoja, baba mmoja, mama mmoja. Bibi Samaki alifunika kila pipa kwa wavu na kulitia lakiri ya ofisi, akawa anakuja kila asubuhi kuifungua mwenyewe.

Mwezi mzima Mkunga alichota maji kila siku. Alipokuwa anachota alimwona mdogo wake upande wa pili wa seng'enge, ameinama kwenye majani. Walikuwa wamerudi kwenye koki siku tatu tu baada ya mkaguzi kuondoka. Njiti naye alimwona dada yake. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Kisha ikawa miezi mitatu mingine ya kulisha na kungoja wakue, maana kifaranga mdogo hasomeki kwa wino.

Watu wanasema hasira hupoa ukiiacha. Ya Mkunga haikupoa. Aliamka nayo, akala nayo ugali, akalala nayo. Wateja walianza kumpita. Mama yake mzazi alimwita, akamwambia aache, atamfukuzisha kazi mdogo wake na mkewe yuko vile.

"Mama, ni kwa sababu mkewe yuko vile," alijibu, na wakaachana wamenuniana.

Mkutano wa watumiaji maji ulifanyika Jumamosi mchana kwenye darasa la shule ya msingi. Watu walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegonga videvu. Bwana Madume alikuja na shati lake la makali, akakaa mbele. Njiti alikaa nyuma yake pamoja na wafanyakazi wengine wawili. Wifi alikaa upande wa wanawake, tumbo limekwisha kuwa kubwa.

Mkunga na mumewe waliingiza mapipa kwa mkokoteni mpaka ndani ya darasa. Bibi Samaki alikata lakiri mbele ya macho ya watu wote, akasoma kwenye daftari lake yalivyoanza na yalivyotunzwa. Kisha Mkunga akakunja mikono ya blauzi.

"Sitaki mniamini," alisema. "Njooni mtazame."

Akamtoa samaki wa kwanza kwenye pipa la mvua, akampaka wino, akamwonyesha mzee wa kiti cha mbele, kisha mama aliyekaa karibu naye. Mawili, dume. Matatu, jike. Baada ya samaki kumi watu walikuwa wameshajua kusoma, wakawa wanapaza sauti wenyewe. Darasa zima likawa linaimba: dume, jike, jike, dume. Pipa la mvua likatoa madume thelathini na tisa na majike thelathini na sita; wachache walikuwa wamekufa njiani.

Akahamia pipa la mfereji. Dume. Dume. Dume. Dume. Walianza wakiita kwa kelele, wakaendelea kwa sauti ya kawaida, na kufika wa thelathini walikuwa wamenyamaza, Mkunga peke yake ndiye anayetamka. Katika samaki sabini na saba, jike alikuwa mmoja.

Pipa la mkaa likatoa madume arobaini na mmoja na majike thelathini na tano.

"Maji ni yale yale," alisema Mkunga. Mikono yake ilikuwa ya bluu mpaka vifundoni. "Mfereji ule ule, saa ile ile. Tofauti ni ndoo moja ya mkaa. Ndoo! Na huyu bwana ana tangi zima amelipaka rangi."

Bwana Madume aliinuka akitabasamu. Alisema anaheshimu juhudi za mama, lakini samaki ni samaki, na mtu aliyewatunza ni yeye mwenyewe. Alisema kituo chake kimekaguliwa na karatasi anayo. Akaomba glasi, akasema yuko tayari kunywa maji ya mfereji mbele ya watu wote.

"Kunywa," alisema Mkunga. "Kwani nani amesema utakufa leo? Samaki wangu nao hawakufa."

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kibaya. Hapo wifi akanyanyuka, kwa shida, ameshika dawati.

"Mimi nina swali kwa Bibi Samaki," alisema. Hakuwa mtu wa kusema mikutanoni. "Sisi tumekunywa maji haya miaka mitatu. Mimi nimeacha miezi mitano tu iliyopita, aliponikataza wifi. Hawa samaki nimewaona. Je, hili tumbo?"

Bibi Samaki alifunga daftari lake.

"Sijui," alisema. "Ningekuwa najua ningekwambia. Huenda ni kidogo mno kwa mtu, huenda hakuna lolote. Lakini hakuna aliyepima, na mimi siwezi kukudanganya."

"Hakuna aliyepima," wifi alirudia. Akageuka. Hakumtazama Bwana Madume, alimtazama mumewe.

Njiti alisimama. Alikuwa mrefu, na kwenye lile dari la chini alionekana kama ameinama kuomba radhi.

"Koki ya pembeni naifungua mimi," alisema. "Kila siku saa tatu. Hata leo nimeifungua. Kwenye tangi hamna mkaa. Chini kuna mawe, juu kuna gunia mbili za mkaa wa kupikia, nilizipanga mwenyewe siku mkaguzi alipokuja."

"Kaa chini wewe!" alifoka Bwana Madume, na tabasamu lake likawa halipo tena.

Hakukaa. Wala hakuna aliyekaa. Madawati yaligongana, watu wakatoka nje kwa mkupuo, wakashika njia ya kituoni katika jua kali, Bwana Madume akikimbia pembeni yao akipiga simu ambazo hazikupokelewa. Mlinzi alipowaona alifungua lango mwenyewe. Vijana wawili walipanda juu ya tangi wakaanza kutupa mkaa chini, na chini ya mkaa, mawe, kama Njiti alivyosema. Mwanamke mmoja alianza kuyaokota na kuyarusha kwenye kibao cha langoni, na wengine wakamfuata.

Mkunga hakurusha jiwe. Alikwenda kwenye majani akiwa na msumeno wa chuma aliouazima kwa fundi bomba, akapiga magoti, akalikata bomba la pembeni vipande viwili. Ilichukua muda, meno ya msumeno yalikuwa yamekwisha. Mtu alitaka kumsaidia, akamwambia aondoe mkono wake hapo. Alipomaliza alilipiga teke likaangukia mferejini, na jasho na machozi vilikuwa vimechanganyika usoni hata yeye asijue kipi ni kipi. Bibi Samaki alifunga kituo siku ile ile, kwa karatasi aliyoiandikia kwenye kiti cha pikipiki.

Kilifungwa wiki kumi. Bwana Madume alitozwa faini, akailipa, akalala nyumbani kwake. Kituo kilipofunguliwa tena kilikuwa na matangi mawili ya mkaa wa kweli, maji yakitoka la kwanza yanaingia la pili, na kamati ya wanawake watano ilipewa haki ya kuingia siku yoyote bila kupiga simu. Tangi la tatu liliwekwa mahali pa kuchotea maji ya kunywa, kwa gharama ya Bwana Madume, na hilo lilipatikana baada ya wanawake hao kukaa langoni siku nne. Mkaguzi alihamishwa, watu hawakuambiwa wapi. Siku ya ufunguzi Mkunga alipelekewa kadi ya mwaliko, aje aseme maneno mawili. Aliitumia kuwashia jiko.

Wifi alijifungua mtoto wa kike, mnene, mwenye kulia kwa nguvu. Watu walikuja kumwona, wakambeba, wakasema mzuri. Lile swali hakuna aliyelirudia kwa mdomo. Bibi Samaki aliandika barua nyingine, ya kuomba watu wa mfereji wapimwe, na hadi leo anaandika.

Njiti hakurudi kituoni, na hakuna kwingine aliyemtaka. Asubuhi moja alikuja akasimama ukingoni mwa bwawa la Mkunga, suruali ameikunja hadi magotini. Mkunga alikuwa ameingia majini, anataka kuvuta kokoro ili atoe madume wote akawauze sokoni na kuanza upya na wale majike wa kwenye mapipa. Kisha akamtupia ncha ya pili ya wavu. Wakavuta kimya kimya, urefu wote wa bwawa, samaki wakirukaruka katikati yao.

"Dada," alisema Njiti walipofika mwisho. "Bado una hasira na mimi?"

"Ninayo. Inua upande wako, wanatoroka."

Njiti akainua.